Popo Kwenye Kamba ya Ndege

Mwaka 1955, mvua za vuli zikikaribia kwisha, nilikuwa na umri wa miaka thelathini na minane na miezi saba. Umri huo nautaja bila kukadiria, kwa sababu cheti changu cha ubatizo kipo, nacho kinaeleza kwamba nilizaliwa tarehe 2 Mei 1917. Wenzangu wengi wa Ng'ambo, mtaa wetu hapa Unguja, walihesabu miaka yao kwa minazi iliyopandwa walipozaliwa, wala sikupata kumjua mwanamke ambaye mnazi wake ulikuwa mrefu.

Nilikuwa mjane. Mume wangu, seremala aliyekuwa na karakana yake Mlandege, alifariki Jumatatu, tarehe 9 Machi 1953. Aliniachia nyumba ya vyumba viwili, misumeno mitatu, Biblia ya Kiswahili, na dada yake.

Misumeno niliiuza. Biblia sikuweza kuisoma, kwa kuwa wakati wa uhai wake yeye ndiye aliyesoma na mimi ndiye niliyesikiliza, na hatukuona upungufu wowote katika mpango huo. Kila jioni baada ya chakula alisoma sura moja. Sura alizozipenda hazikuwa zile zinazopendwa na watu wengine. Alikuwa fundi, na fundi hupenda vipimo na orodha: urefu wa safina kwa dhiraa, mbao za hema, pete zake na vigingi vyake, na ile sura ya sheria ya Musa inayotaja viumbe vinavyoliwa na visivyoliwa. Hiyo aliisoma kama anayekagua mbao zilizoletwa na tajiri asiyemwamini, akitua baada ya kila kiumbe kana kwamba anakitia alama ya chaki. Niliijua kwa moyo kabla sijaijua herufi hata moja. Katika orodha ya ndege wasioliwa, popo ndiye wa mwisho. Mume wangu akifika hapo aliweka kidole kwenye ukurasa na kusema, "Na popo. Hao ndio ndege."

Dada yake, yaani wifi yangu, alikuwa mdogo kwangu kwa miaka minne na mkubwa kwangu kwa kila jambo jengine. Nyumba yake ilikuwa ya tatu kutoka yangu. Mwezi wa Januari 1954 tulijiandikisha siku moja katika darasa la kina mama lililokuwa nyuma ya kanisa letu, kule Mji Mkongwe, kila mmoja wetu akihofia mwenziwe asije akajua kusoma peke yake.

Sababu ya hofu hiyo ni lazima niieleze. Umoja wa kina mama wa kanisa letu ulikuwa na desturi kwamba marehemu akitimiza mwaka wa tatu, watu hukusanyika nyumbani kwake, na somo husomwa na mwanamke mmoja wa jamaa yake, mradi awe na cheti cha kusoma. Cheti ndicho kilichotazamwa, si machozi. Tarehe 9 Machi 1956 mume wangu angetimiza miaka mitatu. Nilikusudia kumsomea mimi, katika Biblia yake mwenyewe. Wifi yangu naye alikusudia kumsomea kaka yake, katika Biblia hiyo hiyo, na alikwisha kunitaka nimwazime.

Mtihani ulifanyika Jumamosi, tarehe 3 Desemba 1955, saa tisa alasiri, mbele ya wageni. Mwalimu wetu alikuwa msichana wa miaka ishirini na mitatu, mpole, aliyesomea ualimu na kuupenda. Mtihani wake ulikuwa na sehemu tatu. Kwanza kila mwanamke alisoma aya moja katika kitabu cha darasa. Pili aliandika ubaoni jina lake na tarehe ya siku ile. Katika sehemu hizo mbili sina la kujitetea, kwa kuwa sikukosea. Sehemu ya tatu mwalimu aliibuni mwenyewe, ili wageni waone kwamba tunaelewa tunachokisoma. Alikuwa amefunga kamba tatu kutoka ukuta hadi ukuta: ya ndege, ya wanyama na ya wadudu. Kila mwanamke alichukua kadi moja kutoka katika kikapu, akalisoma neno lililoandikwa, kisha akaitundika kadi kwenye kamba yake kwa kibanio cha kuanikia nguo.

Wifi yangu alipata kuku. Alilisoma neno hilo kwa sauti ya mtu anayetangaza kuandama kwa mwezi, akamtundika kuku kwenye kamba ya ndege, akapigiwa makofi.

Mimi nilipata popo. Nilisoma vizuri, nikatundika kadi yangu karibu na kuku wa wifi yangu, nikarudi kukaa.

"Mama," akasema mwalimu, "hebu itazame tena kamba yako."

"Nimeitazama, mwalimu."

"Popo anataga?"

"Hatagi. Anazaa."

"Na mtoto wake anamlisha nini?"

"Maziwa."

"Basi popo ni nani?"

"Ni ndege asiyeliwa," nikajibu.

Wageni wakacheka. Nyuma yao birika la chai lilikwisha kuletwa pamoja na sinia mbili za visheti, na mume wa mwanafunzi mmoja alikuwa akizitazama sinia hizo kwa majonzi. Wifi yangu akainama sikioni kwangu.

"Wifi yangu, mshushe popo watu wanywe chai."

"Mshushe kuku wako kwanza."

"Kuku wangu ana makosa gani?"

"Hana makosa. Ana majivuno."

Ningeweza kuinuka, nikaihamisha kadi ile hatua mbili, na mambo yakaisha kabla chai haijapoa. Sikuinuka. Kila nilipoitazama kamba ya wanyama, nilikiona kidole cha mume wangu kwenye ukurasa, na niliona kwamba nikimhamisha popo nitakuwa nimesema mbele ya dada yake na mbele ya visheti kwamba mwanamume yule alitusomea makosa kwa miaka kumi na saba. Mwalimu alinisubiri, kisha kwa huzuni ya kweli akaandika kitu katika daftari lake. Siku ile wanawake kumi na wanane walipewa vyeti. Mimi nilikuwa wa kumi na tisa.

Niliporudi nyumbani, jirani yangu wa ukuta kwa ukuta alikuwa barazani akisuka ukili wa mkeka. Alikuwa mwanamke wa Kitumbatu, Mwislamu, aliyesoma chuo cha Kurani tangu utotoni na kuhifadhi mengi, na hakuna habari iliyopita mtaani kwetu bila kupumzika kidogo kwenye baraza yake.

"Nshasikia," akasema. "Mmegombana na mwalimu kwa ajili ya popo."

"Hatukugombana. Tumetofautiana."

"Popo ni ndege. Sie tulisomeshwa, yule ndege aliyefinyangwa kwa udongo na Nabii Issa, akampulizia akaruka kwa idhini ya Mola, alikuwa popo."

"Kwa nini popo? Asiwe njiwa?"

"Njiwa kila mtu kamuona. Popo ana meno, ana maziwa, anazaa, hana unyoya hata mmoja, na anaruka. Sasa huo ndo muujiza. Njiwa ni kazi ya kila siku."

Nilifurahi mno hata nikamwomba aje kanisani kuyasema hayo mbele ya wakubwa. Aliuweka ukili chini.

"Mie nende kanisani kumtetea popo? Mume wangu akiniuliza n'lipokuwa, n'tamwambia nini?"

Kwa hiyo ilinibidi nijitetee mwenyewe. Siku ya pili yake, Jumapili, nilimwendea padri baada ya ibada. Alikuwa Mzungu mzee, aliyekaa Unguja miaka mingi hata Kiswahili chake kikawa cha kizamani kuliko chetu. Alinisikiliza, kisha akaniambia kwamba malalamiko ya mtihani huandikwa kwa barua kwenda kwa kamati ya kanisa. Sikuwahi kuandika barua maishani mwangu. Nilianza Jumatatu, tarehe 5, nikamaliza Alhamisi, tarehe 8, na siku hiyo hiyo nikaipeleka kwa mkono wangu kwa katibu wa kamati, karani mstaafu wa forodha. Barua ilikuwa ya mistari kumi na mmoja. Nilieleza kwamba sikuomba kuhurumiwa, niliomba kupimwa kwa kitabu ambacho kanisa lenyewe lilinifundisha kukiamini.

Katika siku zile wifi yangu hakukosa kupita mlangoni kwangu. Asubuhi moja, eropleni ikielekea kiwanja cha Kisauni juu ya mapaa yetu, alisimama akaitazama mpaka ikapotea.

"Wifi, ile nayo utaitundika?"

"Ukiikuta katika orodha ya Musa, niletee kibanio."

"Ntaisoma yote kwa kaka tarehe tisa. Cheti nnacho."

Hilo lilinichoma, kwa kuwa lilikuwa kweli.

Kamati haikukutana mpaka sikukuu zilipopita. Barua yangu ilisomwa Jumamosi, tarehe 14 Januari 1956. Baada ya majadiliano ambayo sikuyasikia, wajumbe walimwagiza padri atazame katika Kiebrania, lugha iliyoandikwa na Musa, ajue ni neno gani hasa lililosemwa juu ya popo.

Padri alikuja kwangu Jumanne, tarehe 7 Februari, saa kumi, akiwa amekipakata kitabu kinene kilichofungwa kwa kitambaa. Nilimwekea kiti barazani. Jirani yangu, ambaye asingeweza kwenda kanisani, aliona hakuna sheria inayolizuia kanisa kuja kando ya baraza yake, akasogea na ukili wake mpaka alipoweza kusikia vizuri. Padri akakifungua kitabu kwa upande ambao sisi hukifungia.

"Kumbe nanyi chenu kinaanza kuliani," akasema jirani.

"Hiki ndicho cha kale, Bi," akajibu padri. "Hivyo vya kushotoni vilikuja baadaye."

Jirani akanitazama kama mtu aliyekwisha kulijua jambo hilo muda mrefu na kulificha kwa adabu.

Padri alipitisha kidole chini ya mstari mmoja, akatusomea. Neno ambalo Biblia yetu imelifasiri ndege, akasema, ni *of*. Neno fupi, linatamkwa kwa kukaza koo mwanzoni, kama ile herufi *ain* ya Kiarabu. Jirani alilitamka mara moja, sawasawa kabisa. Mimi nililitamka mara nne, na padri akasema kwamba inatosha.

"Maana yake," akaendelea, "ni kila chenye mbawa kinachoruka. Musa hakuuliza kama kinataga au kinanyonyesha. Aliuliza kama kimo angani. Kunguru ni *of*. Popo ni *of*. Katika popo, mama, hukukosea."

Nilitaka aishie hapo. Kwa bahati mbaya wifi yangu alikuwa akipita wakati ule, na kikapu chake cha sokoni kilikuwa kitupu, jambo linaloonyesha kwamba hakuwa akitoka sokoni wala akienda.

"Shikamoo, padri."

"Marahaba."

"Kila kirukacho, padri? Hata panzi?"

Padri akafunua ukurasa. "Hata panzi. Sura hiyo hiyo inataja *of* wenye kutambaa, ndio panzi na nzige. Na baadhi yao wanaliwa."

"Na mbu?"

Padri alifikiri, kwa kuwa alikuwa mtu mkweli. "Ana mbawa, na anaruka. Nadhani Musa asingemkataa."

"Haya, wifi," akasema wifi yangu. "Una banda la ndege chumbani na hukuwa na habari."

Jirani alicheka mpaka ukili ukamponyoka. Mimi sikucheka, maana nililiona tatizo kabla padri hajalisema. Ikiwa neno la Musa linakusanya kunguru na popo na mbu pamoja, basi si sawa na neno lililoandikwa juu ya kamba ya mwalimu. Mwanafunzi mwenzetu aliyetundika nzige kwenye kamba ya wadudu naye angekuwa amekosea, na cheti alikwisha kukitia kioo akakitundika ukutani. Nilimwuliza padri wafasiri walikuwa na sababu gani ya kuandika ndege.

"Walihitaji neno moja tu," akasema. "Na hilo ndilo lililokuwa karibu kuliko mengine. Mama, umekwenda sawa na kitabu. Mwalimu amekwenda sawa na popo. Kamati ndiyo itakayopata tabu."

Kamati ilikutana Jumamosi, tarehe 3 Machi 1956, saa nne asubuhi, zikiwa zimebaki siku sita tu. Walikuwa watano: padri akiwa mwenyekiti, katibu, mwalimu, na kina mama wawili wazee wa kanisa ambao waliniamkua kwa macho tu, ili wasionekane kupendelea. Nilivaa gauni la kijivu na kuichukua Biblia ya mume wangu. Wifi yangu alikuwapo pia, kwa kuwa kamati ilimwita kuwa shahidi. Nilipomwona kakaa pale, mikono kaipachika mapajani, nilijua kwamba kazi imekwisha kuharibika.

Padri alieleza maana ya *of*. Hakumficha mbu. Mmoja wa wale kina mama akauliza kama kuna yeyote aliyewahi kusikia kwamba marehemu kweli aliwasomea popo katika ndege, au ni jambo nililolitunga baada ya kukosea. Padri akamgeukia wifi yangu.

Ilimtosha kusema hakumbuki. Hakuna ambaye angemlaumu, na tarehe 9 ingekuwa yake.

"Alisoma," akasema wifi yangu. "Tangu nikiwa mdogo, kabla hajaoa. Alikuwa akitukera kwa sura ile. Watoto wenzetu walihadithiwa hadithi, sisi tukihesabiwa ndege." Kisha, bila kuombwa, akaitaja orodha yote, kuanzia tai mpaka popo, akitua baada ya kila mmoja pale pale alipotua kaka yake. Alipomtaja popo aliweka kidole juu ya meza.

Hapo mwalimu akaomba kusema, na maneno yake yalinitia hofu kuliko kicheko cha wageni wote wa Desemba.

"Mimi simlaumu mama kwa popo," akasema. "Lakini sasa nina shaka nyingine. Wifi yake hakutazama kitabu, na hakukosa hata mmoja. Na aya ya kitabu cha darasa tuliisoma sote pamoja mwaka mzima. Sijui kama mama anasoma au anakumbuka."

Alikuwa na haki. Mimi mwenyewe mara kwa mara nilijiuliza swali hilo. Padri akasema basi nipewe maandishi ambayo sijapata kuyaona. Wakatazamana. Chumba kile hakikuwa na kitabu kingine isipokuwa Biblia ya mume wangu, niliyokwisha kuisikia, na kile cha Kiebrania. Mwishoe padri akalivuta daftari la katibu, akalifungua kwenye kumbukumbu za mkutano wa Januari, akaniwekea mbele.

Wasiomjua katibu wetu hawawezi kulielewa jaribu lile. Mwandiko wake ulilala kama mpunga uliopigwa na upepo, na inasemekana forodhani waliwahi kumwita kutoka kustaafu aje awasomee alichowaandikia. Nilisoma. Nilisoma kwa kidole, polepole, nikavuka "waliohudhuria" na "dua ya ufunguzi," nikasimama kwa muda mrefu kwenye "malalamiko," nikalipita. Kina mama wawili walisahau kwamba hawapendelei, wakawa wananitikisia vichwa. Nilipofika mstari wa tisa nikanyamaza.

"Endelea, mama," akasema padri.

"Siwezi kuendelea. Hapa si sawa."

"Neno gani limekushinda?"

"Halijanishinda. Pameandikwa kwamba barua yangu ilipokewa tarehe 9 Desemba. Niliileta tarehe 8, Alhamisi. Tarehe 9 ilikuwa Ijumaa, na Ijumaa sikutoka nyumbani."

Katibu akalichukua daftari, akalisogeza karibu na macho, kisha mbali. "Hii ni nane," akasema.

"Ni tisa," nikasema. "Nane yako iko juu, mstari wa nne. Hii ina mkia."

Daftari likazunguka meza nzima. Ilikuwa tisa. Katibu akaungama kwamba huenda aliisajili kesho yake. Mwalimu alikuwa amefunika mdomo kwa leso. Alipoiondoa, akasema kwamba upande wake hana shaka tena, na kwamba katika kikapu chake popo hatakuwamo mwaka ujao, wala panzi.

Uamuzi uliandikwa saa tano na robo, na kwa ombi langu ulisomwa kwa sauti kabla haujatiwa sahihi. Kwamba popo, katika neno la Musa, yumo miongoni mwa virukao. Kwamba katika masomo ya darasa ni mnyama. Kwamba mwombaji amethibitika kujua kusoma, hata mwandiko wa katibu. Kwamba apewe cheti leo. Na kwamba tarehe 9 Desemba katika kumbukumbu zilizopita isahihishwe iwe tarehe 8. Padri akatia sahihi, mwalimu akatia sahihi, katibu akagonga muhuri, akakigeuza cheti upande wangu na kunisubiri nikikague. Nilikikagua mara mbili.

Nje, uani, wifi yangu alikuwa ananingoja. Aliunyoosha mkono, nikampa cheti, akakisoma chote mpaka jina la mwisho, akanirudishia.

"Ijumaa utamsomea weye," akasema. "Mie ntapika. Lakini ile sura ya popo usitusomee. Watu watakuwa wanakula."